Kwa Mwenye Haraka ya Kuvuka Ziwa kwa Tanga

Kama una haraka, nenda Kigongo. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 za maji kati ya Kigongo na Busisi huvukwa na basi kabla abiria hajamaliza pakiti yake ya karanga. Foleni ya pantoni imekwisha. Naishangilia kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini daraja lile linavuka Ghuba ya Mwanza tu. Wewe uliyealikwa harusini Ukerewe, uliyesimama kwenye mwalo wa Kayenze na doti mbili za kitenge na mbuzi asiyetaka kusikia habari za maji, huku shemeji yako akikuita upande mtumbwi wake wa tanga kwa sababu petroli imepanda bei, wewe huna daraja. Una upepo.

Na upepo wa Ziwa Victoria una ratiba. Wapo wanaosema ziwa ni ziwa, halipwi wala halijai, kwa hiyo saa yoyote ni saa ya kuondoka. Hao ndio ninaowaandikia, maana nawapenda na nataka wafike.

Wenzetu wa pwani wana nafuu moja. Nahodha wa Lamu anayekwenda Pate kwa kupitia Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupanga safari kwa maji. Yakipwa, kina ni kidogo na chombo hukwama kwenye tope mbele ya mikoko, yakijaa, hupita. Unguja, tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua hufika mita 4 hivi, na bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Hayo yote huchapwa kwenye jedwali hata mwaka haujaanza. Mtu wa pwani akishuka Mwanza akakuuliza maji hujaa saa ngapi, mjibu ukweli: yalijaa mwaka 2024.

Nasema kweli. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takribani miaka 80. Mei 2020 likapanda na kuvunja rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likaivunja hata hiyo ya 2020. Kati ya kupwa kule na kujaa huku kuna takribani mita 3, zilizochukua miaka 18 badala ya saa 6. Kwa hiyo mzee anayekuelekeza jiwe alilokuwa akifungia mtumbwi mwaka 2006 hakudanganyi. Jiwe lipo, ila liko chini ya maji na linasubiri ubao wa chombo chako. Mwanza ni nchi ya mawe, na yale unayoyaona yamepandana kuanzia Bwiru kwenda kaskazini yana ndugu zao majini. Kabla hujauliza habari za upepo, uliza nani amepita njia hiyo mwezi huu. Aliyepita ujanani mwake msikilize jioni, baada ya kula.

Sasa ratiba yenyewe. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na hewa yake iliyopoa, ambayo ni nzito, hutiririka kuelekea ziwani. Kwa sisi wa ukingo wa kusini, hewa hiyo inasukuma kwenda kaskazini, kule kule Ukerewe iliko. Alfajiri upepo huo huwa bado una nguvu. Jua likipanda hulegea, na asubuhi ikishakomaa huzima kabisa, tanga likaning'inia kwenye foromali na mbuzi akaanza kulia. Mchana nchi kavu ikichemka mambo hugeuka: hewa sasa inatoka ziwani kuja nchi kavu, inashika nguvu mnamo saa 7 au saa 8, na kuendelea mpaka jua linapokaribia kuzama.

Ukishalielewa hilo, utajua kwa nini mtumbwi wa tanga unaotoka Kayenze alasiri ni mtumbwi unaotaka kwenda mahali upepo unakotoka. Vyombo vyetu vingi havina mkuku mrefu wa kushika maji, na matanga yake ni ya turubai au ya mifuko iliyoshonwa pamoja. Kubisha nao ni kwenda upande huu na kurudi upande ule mpaka giza likukute unazitazama taa za Kayenze ile ile. Shemeji akikuambia "tuondoke saa 9 alasiri, tutawahi sherehe," mwambie kwa upole kwamba bibi harusi amesubiri miezi mingi ya vikao vya kamati, na anaweza kusubiri usiku mmoja zaidi.

Basi tutoke usiku, tuupate upepo wa nchi kavu tangu mwanzo? Hapa ndipo ugumu ulipo, na nakuomba usipite haraka. Upepo ule unaotusukuma sisi kwenda kaskazini unatoka pia pande zote nyingine za ziwa, Kenya, Uganda na Kagera, kila mmoja ukielekea katikati. Hukutana huko juu ya maji yenye joto, hewa yenye unyevu inabanwa na kupanda juu, na kinachozaliwa ni mawingu ya radi. Ndiyo sababu mvua za radi za nchi kavu hupenda alasiri, lakini za ziwani hupenda usiku wa manane hadi mnamo saa 3 asubuhi. Upepo unaokufaa na dhoruba inayokuua ni watoto wa mama mmoja.

Mwaka 2016 mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Ubelgiji, Wim Thiery, na wenzake walichapisha utafiti wa picha za setilaiti za ziwa hili. Waliona kwamba usiku wenye dhoruba kali ziwani mara nyingi hutanguliwa na alasiri yenye mvua nyingi za radi katika nchi kavu inayolizunguka. Hicho ni kipimo ambacho hakihitaji kifaa chochote. Kama mchana radi zilirindima nchi kavu, na ndugu zako wa Tarime na Musoma wakakupigia simu wakilalamika kwamba mvua imeezua paa, wewe usiku huo lala. Mvua iliyoshuka kwa jirani yako mchana inaweza kuwa ndiyo inayokutafuta ziwani usiku.

Wako watu wasioweza kulala. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina maana tena. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola, lakini utaratibu haujabadilika: giza likiingia wanatoka, kukicha wanarudi. Yaani saa zao za kazi ndizo saa za dhoruba. Mezani kwako ukiona dagaa wa Mwanza wa kukaanga na ugali, kumbuka kwamba kuna mtu aliyewafuata usiku wa manane chini ya wingu ambalo mimi na wewe tumeshauriwa kulikimbia. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hupoteza maisha kila mwaka katika ziwa zima, na wengi wao ni wavuvi. Hata ukikata namba hiyo nusu, inabaki aibu yetu sote. Wewe mgeni wa harusi hufuati dagaa. Huna shughuli yoyote majini saa 9 usiku.

Lakini watu hao ni jedwali lako. Hakuna chombo cha kisayansi kinachowashinda kwa kukueleza hali ya ziwa saa 12 asubuhi, maana wametoka huko sasa hivi. Simama mwaloni, wasaidie kuvuta mtumbwi, wasalimie "mwangaluka" hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo, kisha uliza. Wakiwa wamerudi mapema kuliko kawaida, jua kuna jambo. Kama ni giza nene, tarehe za kazi, na wao hawakutoka kabisa, usitafute sababu nyingine. Rudi ndani ukanywe uji.

Wakikuambia kuko salama, hiyo ndiyo saa yako ya kuondoka, kabla upepo wa alfajiri haujazima, lakini bado tumia macho yako. Tazama mashariki kwanza, kwa sababu mawingu ya radi katika ziwa letu mara nyingi husafiri kutoka mashariki kwenda magharibi. Wingu jeupe lililotawanyika halina neno. Wingu linalosimama wima na kitako cheusi kilichonyooka, hilo lipishe. Na ikiwa upepo umetulia, kumekaa joto, halafu ghafla ubaridi ukakupiga usoni, huo ni upepo unaotoka chini ya mvua na kuitangulia. Mwenyewe hayuko mbali. Usichanganye wingu la mvua na ule moshi mweusi unaosimama juu ya maji siku chache za mwezi, hasa mwezi unapoandama. Ule ni wadudu wadogo wa ziwani wakiruka kwa mamilioni. Watakuingia puani, lakini hawapindui mtumbwi.

Kuna miezi ambayo hata haya yote hayatoshi. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi hushika, na upepo wa kusini-mashariki huongezeka juu ya ule wa nchi kavu wa asubuhi. Naogopa miezi hii kuliko masika. Masika hutisha kwa kelele, kila mtu huona wingu na kusikia radi. Kusi huja na anga la bluu. Ukisimama Kayenze unaupa upepo mgongo, na maji yaliyo mbele ya miguu yako ni shwari, kwa sababu upepo unatoka nchi kavu na haujapata nafasi ya kuyainua. Unatweka tanga ukishangaa watu wanaogopa nini. Kadiri unavyokwenda mbali, mawimbi yanakua, na ziwa letu, lenye kina cha wastani cha mita 40 tu, hutoa mawimbi mafupi yaliyosimama, yanayofuatana bila kukupa nafasi ya kuchota maji. Unapotambua hali, kurudi maana yake ni kubisha upepo ule ule uliokuleta. Katika miezi ya kusi usiulize bichi ikoje. Panda juu ya jiwe, tazama mbali, na ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi kwenye upeo wa macho, umeshajibiwa.

Kuna jirani wa Kayenze katika historia aliyefunga safari bila subira hii. Machi 1875 Henry Morton Stanley alishusha mashua yake ya tanga, Lady Alice, pale Kageye, ambayo leo iko Wilaya ya Magu, akaanza kulizunguka ziwa lote; alirudi Mei. Vitabu vinamsifu yeye kwa kuwathibitishia Wazungu kwamba ziwa hili ni moja. Mimi namsifu Safeni, mshika usukani wake aliyetoka naye Zanzibar, kwenye maji yanayokupwa na kujaa kwa saa, na ghafla akakabidhiwa maji yasiyo na jedwali, mwezi wa Machi, mvua zikianza. Wakerewe walikuwa wakivuka maji hayo vizazi vingi kabla yake, na hakuna kitabu kilichohesabu safari zao.

Leo jedwali lipo, au tuseme limeanza kuwepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa Ziwa Victoria kwa Kiswahili, ukitaja upepo na mawimbi, na Mwanza ina rada yake ya hali ya hewa. Kazi hiyo ilipata msukumo mkubwa kutoka mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza kuanzia mwaka 2017, na kuziunganisha idara za nchi zinazolizunguka ziwa. Usome utabiri jioni ya kabla ya safari, kisha uamke uusome tena, kwa sababu radi ya ziwani huzaliwa na kufa ndani ya saa chache. Na ukishausoma, usiuweke mfukoni kama siri. Usome kwa sauti pale mwaloni. Wapo watakaokucheka, na wapo watakaosogea karibu kusikiliza bila kukuambia kwamba wanasikiliza.

Nimezungumzia saa mpaka hapa, lakini kuna kosa ambalo hakuna saa nzuri inayoliponya. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, mchana kweupe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Na wale waliozikwa Igoma baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 tunapita kando yao kila siku tukielekea stendi. Kwa hiyo kabla ya kupanda, tazama kingo za mtumbwi. Kama umbali kutoka ukingo hadi maji hauzidi shubiri mbili wakati chombo kimetulia, upepo mzuri kuliko wote hautakusaidia. Mzigo upungue, na usiwe mwepesi wa kuonyesha gunia la mwenzako. Kapu la sahani za kukodi za kamati linaweza kuja na meli ya Nansio. Mbuzi naye afungwe miguu na alazwe katikati, chini, kwa sababu mbuzi anayesimama upande mmoja kutazama mandhari ni abiria mwenye kilo nyingi na akili chache.

Jaketi okozi livaliwe na kufungwa kamba zake zote. Najua ni zuri kukalia. Ubao wa mtumbwi ni mgumu. Lakini lililokaliwa hubaki kwenye kiti mwenye kiti akishaondoka.

Sasa adabu za kungoja. Nahodha wa tanga usimwulize "tutafika saa ngapi?" Swali hilo linamlazimisha kuahidi kitu ambacho si chake. Muulize "upepo umeamkaje leo, mzee?" halafu nyamaza. Akikujibu "bado," hilo ni jibu kamili. Usimwonyeshe simu yako, usimtajie jina la mkubwa anayekusubiri, wala usimwongezee nauli, maana nauli ya kuharakishwa ndiyo inayomfanya mzee mwenye busara ya miaka 40 aamue kama kijana wa miaka 18. Na kama ni yeye mwenye haraka, wavuvi wa dagaa wanavuta mitumbwi juu huku yeye akitweka tanga, shuka. Shuka na kitenge na mbuzi na kila chako, hata kama watu wote wanakutazama. Nauli iliyopotea utaisahau kabla ya Pasaka.

Ikifika siku ya pili upepo bado umekataa, ujue kwamba Ukerewe ina milango mingine. Zipo meli za Mwanza kwenda Nansio. Ipo njia ya barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, na kivuko cha kukuvusha mpaka Rugezi. Ni mzunguko mrefu, utafika umechoka na vumbi limekukaa kwenye kope, lakini utacheza mduara wote.

Na kama mmetoka vizuri, asubuhi njema, kisha wingu likawakuta njiani, tanga lishushwe mapema, wakati kila mtu bado anasema si lazima. Tanga linaloshushwa katikati ya dhoruba hushushwa na mikono inayotetemeka. Wote wakae chini sakafuni, omo ielekezwe kwenye wimbi kwa makafi, mmoja achote maji bila kusimama. Kama kuna kisiwa karibu, jificheni upande wake usio na upepo na msione haya kulala huko. Bezi imewapokea wengi. Gugumaji likiwa limekusanyika ghubani, usijaribu kulipasua kwa haraka ya kufika nchi kavu. Litazunguka usukani na makafi, na mtabaki mmefungwa mahali ambapo mawimbi yanawafikia. Lizungukeni.

Safari ya kurudi ina saa yake, na hapa wageni wa harusi hukosea sana. Kutoka Ukerewe kuja Kayenze unataka ule upepo wa mchana, unaotoka ziwani kuja kusini. Uondoke saa 7 au saa 8, uwe nchi kavu jua likiwa bado juu. Tatizo ni kwamba chakula cha harusi hutoka saa 9, na hotuba za wazazi huanza chakula kikishaliwa. Jipange mapema: mwambie mshereheshaji siku moja kabla kwamba wewe ni msafiri wa tanga, toa zawadi yako na kundi la kwanza, na omba sahani yako jikoni kwa shangazi wa bwana harusi, si kwenye foleni. Ikifika saa 10 na kamati bado inaitwa mbele kucheza, safari imekufa. Tafuta pa kulala Nansio. Wala usidanganyike kuamka alfajiri kurudi, kwa sababu alfajiri upepo ni ule wa kutoka kwetu, utaupiga kwa kifua njia nzima. Subiri mchana wa kesho yake, nunua machungwa ya Ukerewe wakati unangoja, na kabla ya kutweka tanga muachie mtu wa kikundi cha usimamizi wa mwalo unaotoka (BMU) idadi yenu, rangi ya mtumbwi na namba ya simu ya mtu anayewasubiri Kayenze, ili ikifika saa 12 jioni hamjaonekana, wajue waanze kumuuliza nani.